Haki ya Jicho katika Usiku wa Ramadhani

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola aliyeumba usiku na mchana na akaupa kila mmoja kazi yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu Waislamu wa mwambao, jambo tunalotaka kusema nanyi ni jambo ambalo wengi wetu hulidharau, nalo ni usingizi. Ni kadiri gani humtosha mtu kila usiku? Na ni yapi yampasayo yule aupotezaye usingizi wake kwa upuuzi katika mwezi mtukufu, kisha akashika kazi ambayo roho za watu zimo mikononi mwake? Twawausia hasa wale ambao riziki yao yapanda bara hata Makambako na Njombe: madereva na utingo wao, wachuuzi wa viazi na mbao na parachichi, na matajiri wenye magari ambao hukaa pwani wakingoja mzigo ufike.

Kwanza jueni kuwa usingizi si aibu wala si uvivu. Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratin-Nabai kuwa usingizi wetu ameufanya kuwa mapumziko, na katika Suratir-Rum ameuhesabu usingizi wetu wa usiku na wa mchana kuwa miongoni mwa dalili za uwezo wake. Tazameni vyema: ameutaja na wa mchana pia. Na katika Ayatul-Kursi amejisifu nafsi yake kuwa hashikwi na kusinzia wala na kulala. Sifa hiyo ni yake peke yake. Basi mja ajigambaye barazani kuwa yeye halali, au kuwa saa mbili zamtosha mwezi mzima, amejivika vazi lisilokuwa la kipimo chake.

Na Mtume wetu (S.A.W.) hakuwaachia sahaba zake waudhulumu mwili hata kwa ajili ya ibada. Abdullah bin Amr bin al-As alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Habari zilipomfikia Mtume alimwita, akamfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake, na jicho lake lina haki juu yake, na mkewe ana haki, na mgeni wake ana haki. Na Salman al-Farisi alipolala kwa Abud-Dardaa, kila Abud-Dardaa alipotaka kuinuka kusali mapema, Salman alimrudisha alale, hata ulipofika mwisho wa usiku wakaamka wote wawili wakasali. Jambo hilo lilipopelekwa kwa Mtume alisema kuwa Salman amesadiki. Habari zote mbili amezipokea Imamu Bukhari. Ikiwa Sala ya usiku, ambayo ni bora ya sala baada ya faradhi, haikuruhusiwa kumla mtu haki ya jicho lake, je, dhumna na karata na mazungumzo yasiyo na mwisho yatakuwaje?

Ama kipimo cha usingizi, tunacho cha kutuongoza katika sunna. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa sala ya usiku iliyo bora mbele ya Mwenyezi Mungu ni ya Nabii Daudi (A.S.): alikuwa akilala nusu ya usiku, akisimama thuluthi yake, kisha akilala sudusi yake. Nusu na sudusi ukizijumlisha ni thuluthi mbili. Sasa tufanye hesabu kwa nchi yetu, ambayo Mola ameiweka karibu na kati ya dunia, ikawa usiku wake haupungui sana wala hauzidi sana mwaka mzima. Tangu kuchwa jua hata kuingia alfajiri, kwetu ni kadiri ya muda wa saa 10 na dakika 45. Thuluthi mbili zake ni muda wa saa 7 na dakika kidogo.

Na waganga wa zama hizi wamefika karibu na mlango ule ule kwa njia nyingine. Katika mwaka 2015 mabingwa wa elimu ya usingizi wa Marekani walikutana wakapima utafiti mwingi, wakakubaliana kuwa mtu mzima apate muda wa saa 7 au zaidi kila usiku. Na watoto na vijana huhitaji zaidi ya hapo. Ni kweli kuwa viumbe hawakuumbwa sawa. Mwaka huo huo yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa makabila matatu yanayoishi bila ya taa za umeme, mmoja wao wakiwa Wahadzabe wa hapa Tanzania, wakaonekana kuwa usingizi wao halisi ni baina ya muda wa saa 5.7 na 7.1. Lakini watu hao hulala chini kwa muda wa saa 7 mpaka 8 na nusu, na husinzia kiasi cha saa 3 baada ya jua kuchwa, wala hawaufanyi usiku kuwa mchana. Basi asiitwae mtu habari hii kuwa hoja ya kukesha barazani mpaka saa 8.

Tukumbuke pia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Na sisi watu wa pwani mazungumzo yetu ya Ramadhani ndiyo kwanza huanza baada ya tarawehe! Kahawa huzungushwa buli baada ya buli, na nusu ya nguvu ya kahawa hubaki mwilini hata muda wa kama saa 5 baada ya kuinywa. Mtu hurudi kwake saa 8, huamshwa kwa daku saa 10, na usingizi wake wote ni kama wa msafiri aliyeegemea mzigo. Hapa mwambaoni twajificha kidogo, kwani mji mzima hupunguza mwendo katika mwezi huu: maduka hufunguliwa kwa kuchelewa, na mtu hulipa deni la usiku kwa kulala mpaka karibu na adhuhuri.

Lakini mtu akipanda na ada hiyo mpaka Makambako, hapati wa kumchukulia. Huko Waislamu ni wachache, na majirani wengi ni Wakristo ambao hawafungi. Soko hufunguliwa asubuhi kama siku zote, mbao hupakiwa asubuhi, na magari hayakomi kupita, kwa kuwa mji huo umekaa katika njia panda: barabara moja yaenda Mbeya na Zambia, nyingine yaenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA yapita hapo hapo. Nchi yenyewe ni ya baridi, nayo Njombe imeinuka kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Na Ramadhani ikiangukia Juni na Julai, kama ilivyokuwa mwaka 2015, mpwani hutetemeka chini ya mablanketi mawili. Aliyekesha huko hana mchana wa kulala. Deni hukaa mwilini, na mwenye kuja kulidai hulidai barabarani.

Na hapa ndipo penye khatari tunayotaka kuwaonya. Kutoka Dar es Salaam mpaka Makambako ni zaidi ya kilomita 600, na ndani yake mna mlima wa Kitonga na kona zake. Tangu mwaka 2023 Serikali imeruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha, baada ya katazo lililodumu miaka mingi. Na malori hayakuacha kusafiri usiku hata zamani. Sasa mfikirini dereva aliyefunga. Ameamka kwa daku saa 10 za alfajiri. Hakulala mchana. Amefuturu, amesali Isha na tarawehe, na saa 3 za usiku ashika usukani. Huyu amekwisha kukaa macho muda wa saa 17 kabla ya gurudumu la kwanza kuzunguka.

Wataalamu wawili wa Australia, Dawson na Reid, walitangaza katika mwaka 1997 kuwa mtu aliyekaa macho muda wa saa 17, mkono wake na akili yake huwa katika hali ya mtu ambaye kileo katika damu yake kimefika asilimia 0.05, na hicho ni kipimo ambacho nchi nyingi humkataza mtu kuendesha gari akikifikia. Akitimiza muda wa saa 24 hali yake huwa ya asilimia 0.10. Enyi ndugu! Mwislamu ambaye hajapata kutia ulevi kinywani mwake, ambaye ameacha hata maji ya halali mchana kutwa kwa ajili ya Mola wake, aingia barabarani usiku akiwa na mkono wa mlevi na jicho la mlevi. Dhambi ya ulevi hana, lakini madhara yake anayo. Na abiria arubaini na zaidi wamelala nyuma yake wakimwamini.

Yeye aseme nini siku atakapoulizwa? Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratil-Baqara tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizo. Na katika Suratin-Nisaa ameweka kwa mwenye kuua kwa kukosea kafara na diya, ili tujue kuwa roho ya mtu haipiti bure hata pasipo kukusudia. Wala asiseme mtu: ajali ni kadari. Kila jambo ni kadari, lakini aliyefunga ngamia wake na aliyemwacha bila ya kamba hawalingani.

Mtazameni Mtume wenu alivyofanya safarini. Amepokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Qatada kuwa walikuwa wakienda usiku, na Mtume (S.A.W.) akasinzia juu ya mnyama wake mpaka akainama, na Abu Qatada akamtegemeza bila ya kumwamsha. Jambo hilo likatokea mara tatu. Kisha Mtume aliiacha njia, akateremka, akaweka kichwa chake chini akalala, na akawaagiza wenziwe wawalindie wakati wa sala. Katika habari hii mna mafunzo matatu. La kwanza, aliye bora wa viumbe alishikwa na usingizi safarini, basi asione haya dereva kusema: nimechoka. La pili, alitoka njiani. Na katika hadithi nyingine amewakataza wasafiri kulala juu ya njia yenyewe. Basi lori lisiegeshwe gizani ukingoni mwa lami, bali litolewe kabisa pahali pa salama. La tatu, alikuwa na mwenzi wa kumwangalia. Ewe utingo, kazi yako ni ya Abu Qatada: usilale wewe pia! Na mkumbuke kuwa mnyama ana macho yake na huijua njia. Lori halina macho ila ya dereva.

Huenda mtu akauliza: je, Mtume hakuwa akizihuisha nyusiku za kumi la mwisho na kuwaamsha watu wa nyumba yake? Naam, ndivyo, na heri kwa mwenye kumfuata. Lakini yeye alikuwa katika itikafu msikitini, hakuwa akiongoza gari la watu. Anayetaka kuutafuta usiku wa Lailatul-Qadr na akeshe kwa Qurani na sala, kisha ailipe haki ya jicho kwa usingizi wa mchana, na safari aiache siku hiyo. Na aliye safarini naye amepewa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Anayeikataa ruhusa hiyo huku macho yanamfumba asidhani kuwa anazidi uchamungu.

Na nyinyi matajiri wenye magari, mnaofuturu kwa tende na uji wa moto hapa mjini, jueni kuwa sehemu ya mzigo huu i juu ya shingo zenu. Mwenye kumwamrisha dereva aliyefunga ateremshe viazi jioni na ageuze gari usiku ule ule, amemkodi mtu na kuuiba usingizi wake. Ongezeni dereva wa pili, au ongezeni siku moja. Viazi vikichelewa hupunguza faida. Roho ikichelewa hairudi.

Neno jingine kwa wageni wa baridi. Wapo walalao na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wa sumu utokao katika mkaa hauonekani wala haunuki, na humuua mtu usingizini. Mtume (S.A.W.) aliposikia nyumba ya Madina imewaungukia watu wake usiku, aliwaambia kuwa moto ni adui yao, wauzime walalapo. Basi jiko na litolewe nje, na baridi ikingwe kwa blanketi.

Mpango wetu ni huu. Futuruni kwa jua la pale mlipo, kwani jua la Makambako huchwa nyuma ya jua la Dar es Salaam kwa kadiri ya robo saa. Salini Isha na tarawehe, na saa 4 muwe mmelala. Amkeni saa 10 kwa daku na istighfari, mkasali Alfajiri kwa jamaa. Hapo mmepata muda wa saa 6. Baada ya adhuhuri laleni kailula ya saa moja, na thuluthi mbili za Nabii Daudi zitakuwa zimetimia. Na mwenye safari ya usiku asiishike safari hiyo ila awe amelala mchana usingizi wa kutosha.

Ee Mola wetu, tukubalie funga zetu na visimamo vyetu, tujaalie usingizi wetu uwe ibada na kuamka kwetu kuwe shukrani, na uwarudishe wasafiri wetu kwa watu wao wakiwa wazima siku ya Idi. Amin.