Mtoro Akibisha Hodi

Enyi waumini wa Eldoret, mlioko Langas na Kapsoya, Huruma na Maili Nne, nawauliza swali moja, nanyi lijibuni mbele za Mungu. Mtu aliyeukimbia utumwa akibisha hodi kwako saa nane usiku, utamfungulia?

Nchi hii iliwahi kulijibu swali hilo, na waliolijibu vyema walikuwa wanyonge. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja na kukomesha kusafirishwa kwao baharini. Aliyekuwa tayari shambani hakuguswa. Malindi, Takaungu na Mombasa, watumwa waliendelea kuyalima mashamba ya mabwana zao, na pwani ya Kenya haikuufuta utumwa kisheria hadi 1907. Fikirini miaka hiyo yote! Mtumwa alikuwa na miguu yake, na giza, na tumaini kwamba huko mbele yuko mtu wa kumpokea.

Na watu walikuwako. Katika nchi ya Wagiriama kilisimama kijiji cha Fuladoyo, kazi ya Abe Ngoa, Mgiriama aliyeiamini Injili. Watoro walikifikia kwa kupita msituni, wakajenga, wakalima, wakasali. Habari ilirudi mashambani kwa minong'ono, na waliosikia wakafuata. David Koi alikuwa mmoja wa viongozi wao. Mwaka 1883 aliuawa kwa sababu yao. Makanisa yetu mangapi yanamtaja? Tunawajua mashahidi wa Roma kwa majina, na huyu wa kwetu tumemwacha bila hata ibada moja ya ukumbusho.

Nendeni pia Rabai, kwenye kituo cha misheni. Huko alihudumu William Jones, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, akaokolewa, akalelewa India, kisha akarudi pwani yetu. Habari zake zinafika hata huku kwetu bara: mwaka 1885 alisafiri na Askofu Hannington kutoka pwani hadi Mumias, na askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewarudisha nyumbani wapagazi waliobaki. Sasa sikilizeni jambo zito. Sheria ya Sultani ilimhesabu mtoro kuwa mali ya mtu. Mabwana walitishia kuwavamia wamisionari kwa silaha, na wakuu wa misheni wakaagiza watoro wasipokewe tena. Agizo lilitoka, na bado watoro wakapata pa kulala Rabai. Walichanganyika na wenyeji, wakapewa shamba na jina, na waliojua wakafunga midomo. Mwaka 1888 ilipobainika ni wangapi waliositiriwa Rabai na misheni za jirani, walizidi 1,400! Hao hawakufichwa na mtu mmoja shujaa. Walifichwa na mama aliyeongeza maji sufuriani, na jirani aliyeulizwa akasema hajaona mtu.

George Mackenzie wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa vyeti vya uhuru pale Rabai. Nitasema bila kuficha: fidia ile ilikwenda kwa asiyestahili. Bwana alilipwa, na aliyelimishwa bure miaka mingi akapewa karatasi.

Someni Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, mstari wa 15 na wa 16. Mungu anakataza kumrudisha mtumwa aliyemtoroka bwana wake. Anaamuru akae kati yenu, mahali atakapopachagua mwenyewe. Amri hiyo haikungoja sultani wala kampuni.

Nanyi msiniambie hayo ni ya kale. Wako dada zetu waliopitia kwa mawakala wakaenda Ghuba kufanya kazi za ndani, wakanyang'anywa pasipoti, wakafungiwa. Chini ya utaratibu wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, anayemtoroka mwajiri anaweza kuhesabiwa mhalifu, kama vile mtoro wa Takaungu. Na hapa mjini, je? Yuko msichana wa kazi asiyelipwa, anayelala jikoni, anayepigwa, na jirani anasikia kilio kisha anaongeza sauti ya redio. Akikimbia, tunamshika mkono tukamrudisha, tukasema tunapatanisha. Tunampatanisha na nani? Hiyo ni dhambi, ndugu zangu, hata ikifanywa na mzee wa kanisa.

Wenzetu wa Rabai walisitiri watu kinyume cha sheria. Sisi sheria iko upande wetu: Kenya ina Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010, na ulanguzi ni kosa la jinai. Tuna uwazi ambao wao hawakuwa nao, na bado tunaogopa!

Basi amkeni. Enyi akina mama wa ushirika, tengeni chumba kimoja kwa anayekimbia, na funguo wazijue wachache. Enyi vijana wa bodaboda, mkimkuta msichana usiku hana viatu wala mzigo, msimwulize nauli. Mpelekeni mahali salama. Enyi wachungaji, wakala akiwaletea sadaka nono, mwulizeni kwanza wale wasichana aliowapeleka wako wapi. Mtoto akiwa hatarini, pigeni 116. Mwanamke akipigwa, pigeni 1195. Pigeni leo, msingoje Jumapili.