Karatasi za Yatima na Wakati Wake

Ndugu zetu Waislamu wa Isiolo,

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, nayo yahusu kuandikiana deni: mwandishi, mashahidi na muda maalumu. Dini iliyolitukuza jambo la karatasi kiasi hiki, sisi wafuasi wake twawezaje kulidharau?

Kwani twaona mambo yale yale killa mwaka. Kijana wa Merti au Garba Tulla apata nafasi ya chuo kikuu, wazee waomba dua, mbuzi achinjwa, na hapana akumbukaye maombi ya fedha. Tangu Serikali ilipotangaza mpango mpya mwezi wa Mei 2023, mwanafunzi hana budi kuomba mwenyewe kwa mtandao, katika siku zilizowekwa. Sala iliyopita hulipwa kadha. Ombi lililopita, ni nani aliyetuahidi kadha yake?

Aumizwaye zaidi ni yatima. Baba afa machungani, azikwa siku ile ile kama ilivyo sunna, na hapana ampelekeaye naibu wa chifu habari. Miaka kumi baadaye mtoto aulizwa cheti cha kifo, hana. Kijana mmoja alitujia baada ya Magharibi, barua ya chuo mkononi, zimesalia siku nne. Cheti cha baba yake kilipatikana baada ya majuma sita. Sisi tuliokuwa tukisoma naye darasani tulikuwa wapi miaka yote hiyo? Lawama hii twaanza kujilaumu wenyewe.

Wako wazee wasemao kuwa wanaikimbia riba, kwani mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hutozwa asilimia 4 kwa mwaka. Kuikimbia riba ni jambo jema. Lakini mpango huu ulipoanza mwanafunzi aliachiwa achague ruzuku, au mkopo, au vyote viwili. Na ruzuku si deni. Mwaka 2024 daraja la maskini kabisa liliwekewa ruzuku ya asilimia 70 ya ada, mkopo 25, na jamaa 5. Basi aliyeiacha fomu kwa kuiogopa ile 25 ameitupa na ile 70, kisha huzunguka misikitini kumtafutia mtoto mchango!

Darasa letu litafungua daftari Ijumaa ijayo baada ya sala. Mwenye mtoto katika kidato cha nne, na killa mlezi wa yatima, na aje na kitambulisho chake pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Asiye na cheti cha kifo tutakwenda naye kwa naibu wa chifu Jumatatu asubuhi.