Bakuli Halirudi Tupu

Kwetu Uchagani, bakuli la jirani halikurudishwa tupu. Mama wa nyumba ya pili akituletea kiburu au maziwa mgando, tulikula tukashiba, lakini bakuli halikuondoka siku hiyo. Bibi aliliosha, akalifudikiza kichanjani, likakaa hapo siku mbili tatu kama mgeni anayesubiri kusindikizwa. Kuku akitaga, mayai mawili yaliingia humo. Maparachichi yakianza kuiva, la kwanza lilikuwa la bakuli.

Mwaka mmoja kideri kilimaliza kuku, na jua likakausha kihamba, shamba letu la nyumbani. Bakuli lilikaa juma zima. Siku ya nane bibi alichuma mnafu, konzi moja tu, akaupanga bakulini, akanipa nipeleke. Niliona haya. "Bibi, kwa kiburu chote kile, majani haya?" Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mjukuu wangu, mimi simlipi. Namwambia nimeona."

Namwambia nimeona. Sijasikia mahubiri ya shukrani yaliyolipita neno hilo. Hata lugha yetu inamuunga mkono bibi. Neno "asante" tulilipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni "umefanya vyema". Kumbe anayelitamka hasemi habari za alichopata, anamshuhudia aliyempa. Wachaga nao husema "aika", na Ukristo ulipoingia wakaliunganisha na jina la Mungu, wakawaita watoto wao Aikaeli: asante Mungu. Mama akimwita mtoto huyo atoke mchezoni aje kula, amekwisha kushukuru kabla hajapakua.

Katika Luka 17, wakoma kumi walimlilia Yesu. Aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, na wakiwa njiani wakatakasika. Mmoja akageuka, naye alikuwa Msamaria. Wale tisa siwaiti watu wabaya. Walitii walichoagizwa, na mtu aliyetengwa na watu wake akipona, haraka yake ya kufika nyumbani naielewa. Ila walibeba mema wakamwacha nyuma Mwenye mema. Yesu aliwaulizia, lakini hatusomi kwamba aliwanyang'anya afya zao. Hilo ndilo linalonitisha: mtu anaweza kutembea na baraka ya Mungu mwilini siku zake zote, asirudi hata mara moja kumtazama aliyempa.

Siku hizi mjini pilau ya jirani huja kwenye kopo la plastiki. Tunakula, tunatupa, yamekwisha. Ndivyo tunavyopokea hata ya Mungu. Tulikesha tukifunga na kuomba kazi. Kazi ikapatikana, na kufikia mwezi wa tatu mazungumzo yetu yote ni kumsema bosi. Tuliomba mtoto, tumempata, sasa tunalalamika kelele. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Musa, katika Kumbukumbu la Torati 8, aliogopa jambo kubwa zaidi: kwamba watu wake wakishashiba na kujenga nyumba nzuri, watamsahau hata Mungu aliyewalisha jangwani.

Makanisa yetu yana namna yake ya kurudisha bakuli. Ibada ya mavuno ikiisha, waumini hutoka uwanjani kwa mnada wa sadaka za mazao. Mzee wa kanisa ananyanyua yai moja lililoletwa na bibi kizee asiye na noti ya kutia kapuni. Mtu analinunua kwa bei ya trei nzima, kisha anasema, "Narudisha," na yai linanadiwa upya. Nimeshuhudia yai likizunguka mara nne, mwenyewe ameketi kivulini na fimbo yake, akicheka kama msichana. Asiyeshukuru kwa kidogo, hata kikubwa hatashukuru. Aliyeleta ndama siku ile na aliyeleta yai walisema neno moja: nimeona.

Lakini tujihadhari. Bahasha ya shukrani inayotolewa ili Mungu airudishe mara mia ni chambo, na anayeitoa ni mvuvi. Bibi hakutia mnafu bakulini ili aletewe kiburu kingine.

Na siku ya msiba je? Paulo aliwaagiza Wathesalonike washukuru kwa kila jambo, na wapo wanaolitumia agizo hilo kumnyamazisha mfiwa. Katika Kigiriki alichoandika, maana yake ni kushukuru katika kila hali. Hatulazimishwi kumshukuru Mungu kwa ajili ya jeneza. Tunaweza kulia hadi sauti ikauke, na katikati ya kilio tukamwona jirani aliyefika na mzigo wa kuni bila kuitwa, na vijana walioshika majembe alfajiri kwenda kuchimba kaburi. Mwaka ule wa kideri bibi hakushukuru kwa kuku kufa. Aliingia kihambani akatafuta kilichosalia, akakuta mnafu.

Basi shukrani ya kila siku ianzie mezani. Tunafumba macho kumshukuru Mungu kwa chakula. Tukiyafumbua, hatumwoni dada wa kazi aliyeamka gizani kuwasha jiko. Mshahara wake umechelewa wiki mbili, na sisi tumetoka kuomba kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Shukrani ya punda ni mateke, na mara nyingine mateke hayo humfikia Mungu kupitia mgongo wa aliyetupikia.

Mungu hana kichanja cha kupokelea vyombo. Bakuli lake hupokelewa na mgonjwa wa nyumba ya pili, na yatima, na dada huyo aliyesimama mlangoni akisubiri tumalize ili atoe sahani. Mlipe leo. Mwambie asante, umtaje kwa jina lake. Kesho, kabla ya kula, ndipo ufumbe macho.