Sheria Pungufu, Dhamiri Kamili

Nabii Isaya, katika sura ya 10, anawatangazia ole watungao sheria zisizo za haki na kuwapokonya maskini, wajane na yatima stahili yao. Kwa hiyo dhambi haitendwi kwa mkono wa mwizi tu. Yaweza kuandikwa kwa kalamu na kupitishwa kwa kura. Na ikiwa uovu waweza kufanywa sheria, haki nayo yaweza. Ndiyo maana kazi ya mbunge si jambo la kidunia tu lisilotuhusu sisi waumini.

Tutafakari kazi ya Njoki Ndung'u, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa katika Bunge la Tisa la Kenya, kabla ya kuwa jaji wa Mahakama ya Juu mwaka 2011. Alipigania kuondolewa kwa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo, nayo ikaondolewa mwaka 2004. Alitetea pia likizo ya uzazi. Zamani mama aliyejifungua alipewa miezi miwili, na kwa kuichukua akapoteza likizo yake ya mwaka, kana kwamba kuzaa ni kustarehe. Sheria ya Ajira ya 2007 ilimpa miezi mitatu yenye malipo kamili bila kumnyang'anya likizo hiyo, na baba naye akapata wiki mbili.

Lakini kazi yake kubwa ni Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Kabla yake, ubakaji uliwekwa katika sura ya Kanuni ya Adhabu iliyohusu makosa dhidi ya maadili. Yaani aliyehesabiwa kuumizwa kwanza ni heshima ya jamii. Sheria mpya ilimtazama mtu mwenyewe, mtoto au mtu mzima, mwanamke au mwanamume, na ikaweka adhabu za chini ambazo hakimu asingeweza kuzipunguza. Sisi tunaokiri kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu hatuoni hilo kuwa badiliko dogo.

Hata hivyo muswada huo haukupita mzima. Katika bunge ambalo wanawake hawakufika sehemu moja kwa kumi, wengine waliupinga kwa hofu, wengine kwa dhihaka. Ili upite, mambo mawili yalifanyika. Kwanza, kosa la ubakaji halikuhesabiwa kati ya mume na mke wa ndoa halali. Pili, kiliongezwa kifungu cha 38: atakayetoa shutuma za uongo apewe adhabu ile ile ya kosa alilolishtakia.

Hapa ndipo swali linapotubana. Je, ni halali kwa mtu wa haki kukubali sheria iliyokatwa kiungo? Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Lakini nusu ile nyingine huangukia mtu. Mke aliyeachwa nje ya sheria hakuulizwa kama yuko radhi kuachwa.

Tunaamini kwamba yapo maafikiano yaliyo dhambi na yapo yasiyo dhambi, na tofauti yake hujulikana kwa yatokeayo baada ya kura. Anayesema, "Hiki ndicho tulichopata, basi yametosha," ameuza waliosalia. Anayesema, "Hiki ndicho tulichopata leo," bado anadaiwa, naye anajua kwamba anadaiwa. Kifungu cha 38 kilifutwa mwaka 2012. Mwaka 2015, Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani iliutaja ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na mke akaweza kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Kujifunga kwa nusu mkate kungaliwanyima watoto wengi ulinzi kuanzia 2006; kuridhika nao kungalizuia hatua zilizofuata.

Wapo watakaotukumbusha kwamba Kumbukumbu la Torati 19 linaamuru shahidi wa uongo atendewe alivyokusudia kumtendea ndugu yake. Ni kweli. Lakini sura hiyo hiyo inawataka waamuzi wachunguze kwa bidii kwanza. Kushindwa kuthibitisha si kusema uongo, na uovu wa namna hii hutendwa gizani, pasipo mashahidi. Tamari, katika 2 Samweli 13, aliambiwa na kaka yake anyamaze. Daudi alipopata habari alikasirika sana, wala hakufanya neno. Hasira isiyozaa hukumu haikumsaidia binti yule.

Tena wapo wanaotumia 1 Wakorintho 7 kusema kwamba mke hana neno juu ya mwili wake. Basi tuisome hadi mwisho. Paulo anasema hayo hayo juu ya mume, na katika aya ya tano anataka mapatano. Palipo na mapatano hapana nguvu, na palipo na nguvu hapana mapatano.

Sheria ya 2006 ilisimama mlangoni mwa chumba cha wanandoa. Kanisa halikusimama hapo. Sisi ndio tunaofungisha ndoa, tunaofundisha wachumba, na tunaoendewa na mke usiku anapokimbia. Mzee wa kanisa anayemwambia mama huyo arudi akavumilie hawezi kujitetea kwamba sheria ya nchi haikumkataza. Mbunge hufungwa na hesabu ya kura; dhamiri haihesabu kura. Pale bunge lilipoishia kwa kukosa wingi, sisi hatuna udhuru wa kuishia.

Basi tuwaombee watunga sheria, na tuwadai. Na atakayebisha hodi kwetu kabla sheria haijakamilika, asikute mlango umefungwa.