Jiko Lililoiva Nje Tu

Fundi mmoja kijana alipata oda ya majiko ya mkaa kutoka kwa mama lishe wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, wale wanaokaanga vibua na changu mara tu mashua zinapoteremsha samaki wa alfajiri. Walitaka majiko mepesi, yasiyomaliza mkaa. Fundi alishasikia kwamba ukichanganya vumbi la mbao kwenye udongo, jiko linakuwa jepesi, linatunza joto, na ngozi yake inapata vitundu vidogo vya kuvutia. Yote matatu ni kweli. Ila hakuuliza kiasi.

Alikwenda Keko, kwenye karakana za samani, akazoa vumbi lilivyo: unga, maranda marefu, mabaki ya mbao zilizopakwa vanishi. Hakuchekecha. Akachanganya nusu kwa nusu, akafinyanga, akaanika. Vumbi la mbao hushika maji, kwa hiyo majiko yalikauka ngozi huku ndani yakiwa bado na unyevu. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na tarehe ya kupeleka mzigo imewadia. Akapakia tanuru, akaziba matundu ili joto lisipotee, akachochea kuni kwa nguvu.

Mengine yalipasuka humo humo, na hayo ndiyo yaliyokuwa na heri. Maji yaliyobaki ndani, joto likipita nyuzi 100, hugeuka mvuke, na mvuke usiopata njia huzivunja kuta. Kufika nyuzi 200 hadi 300 mbao huanza kuwa mkaa, na mkaa huo hauteketei bila hewa na muda. Ukiunyima hewa, nje kutaiva na kuwa kwekundu, ndani kubaki kweusi na kulegea. Mteja haoni kitu.

Yaliyotoka mazima yalikwenda Feri. Mchana mmoja, karai likiwa limejaa mafuta yanayochemka, ukingo wa jiko ulimeguka. Karai likainama, mafuta yakaingia kwenye makaa, moto ukaruka. Mama aliyekuwa akikaanga aliungua mkono na paja. Kipande kilichomeguka kilikuwa na wekundu mwembamba kama ukucha, kisha weusi mtupu, na katikati ya weusi ule kulikuwa na utepe mzima wa randa, umbo lake lile lile. Ukiubana kwa vidole unakuwa masizi.

Kosa si la vumbi la mbao. Thailand majiko ya ndoo yana udongo uliochanganywa na majivu ya pumba za mpunga, yaani pumba zilizokwisha kuungua kabla ya kuingia kwenye udongo. Ni jiko hilo la Thailand lililowapa mafundi wa Kenya mfano mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipobuni jiko la bati lenye udongo ndani ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki yote. Guatemala, mwaka 1981, Fernando Mazariegos alitengeneza chungu cha kuchujia maji kwa kuacha vumbi la mbao liungue na kubakiza vitundu. Mtungi wetu nao hupoza maji kwa sababu unatoa jasho. Lakini chujio na mtungi havibebi karai la mafuta ya moto. Kila kitundu unachokiongeza kinapunguza nguvu ya ukuta, na kwenye sahani ya chakula kinakuwa maskani ya uchafu.

Anayeanza na aanze na kipimo kimoja cha vumbi kwa tisa vya udongo, baada ya kulipitisha kwenye chekecheo. Aanike kivulini bila haraka, apashe tanuru kwa moto mdogo saa nyingi, matundu wazi, mpaka moshi wa mbao uishe. Mabaki yenye rangi, dawa ya mchwa au gundi ayatupe, maana moshi wake ni sumu. Wala asichomee uani Kariakoo ambako watu wamelala dirisha kwa dirisha. Gesi ya moto uliokosa hewa huua bila harufu.

Na wewe fundi, kabla hujapeleka mzigo sokoni, vunja jiko moja katika kila tanuru uangalie ndani. Likiwa jeusi, usiuze hata moja.