Aliyechinja tunamuuliza, kilichomo sahanini hatukiulizi

Muislamu wa mjini akialikwa chakula, jambo la kwanza analotaka kujua ni nani kachinja. Ni swali zuri na haifai kuliacha. Lakini Allah (s.w.), katika Suratul Baqara aya ya 168, hakuwaamrisha watu kula cha halali tu. Ameiambatanisha halali na 'twayyib', yaani kilicho chema. Neno hili la pili tumelipa kisogo. Kuku akishachinjwa kwa Bismillah, basi, hata akikaangwa kwa mafuta yaliyotumika tangu juzi na kuletwa na chipsi na soda mbili, hakuna anayeuliza tena.

Tatizo si kitambi kwa sababu ya sura yake. Madaktari hutazama mambo matano: kiuno kipana (kwetu hutumika kipimo cha sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke), presha inayofika 130 kwa 85, sukari ya 5.6 au zaidi kabla ya kula, mafuta mengi katika damu, na upungufu wa ile lehemu nzuri. Mwenye matatu kati ya hayo yumo njiani kuelekea kisukari na maradhi ya moyo, na pengine hasikii maumivu yoyote. Anaswali, anafanya biashara, anacheka na watu. Kumbe mwili umeanza kuigomea insulini, na kongosho linalazimika kutoa nyingi zaidi mpaka linachoka.

Wapo wanaosema mwili ni wangu na ninachokula hakimdhuru mtu. Abu Dardaa (r.a.) alikuwa akifunga mchana na kuswali usiku kucha, na Salman (r.a.) akamzuia, akimkumbusha kwamba nafsi yake ina haki juu yake na ahali zake pia wana haki. Mtume (s.a.w.) alimsadikisha Salman. Sasa ikiwa ibada yenyewe iliwekewa mpaka kwa ajili ya haki hizo, sahani ya biriani ya tatu itajitetea kwa lipi? Baba akipooza, anayeacha masomo ili amgeuze kitandani ni binti yake. Hilo ndilo "halimdhuru mtu".

Wengine hukimbilia kadari. Hao wasome habari za Umar bin Khattab (r.a.) alivyorudi njiani alipopata habari kuwa Sham kuna tauni. Aliulizwa kama anakimbia kadari, naye hakuona kuwa kujikinga ni kuikana.

Lakini mimi simlaumu sana mlaji. Dereva wa daladala hula kinachouzwa kituoni. Ninayemtaka hapa ni mwenyeji, yule anayeandaa futari na walima. Ukarimu wetu tumeupima kwa mafuta na sukari. Futari isiyo na kalimati, sambusa, tambi na juisi ya kukoleza tunaiona ya kimaskini, ilhali magimbi, kunde, samaki na tunda vingetosha. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata katika chakula, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku. Soda moja ya mililita 350 ina gramu 35 hivi. Mgeni wetu kishamaliza mgao wake kwa soda moja na nusu, na bado chai haijaja.

Tena tunamlazimisha. "Mbona hujala?" Mwenye kisukari anaona haya kukataa mbele ya watu, anakula ili asituvunjie heshima. Je, hapo aliyekirimiwa ni mgeni, au ni jina la mwenyeji? Kumkirimu mgeni ni katika imani, lakini sijaona mahali tulipoamrishwa kumkirimu kwa kinachomuumiza.

Kamati za walima zina daftari. Soda huandikwa humo mapema, kreti kwa kreti. Maji huandikwa mwisho, fedha zikibaki.