Deki Ikifa, Filamu ni ya Nani?

Kanda ya video hukaa vizuri Dodoma. Uwanda wa kati uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni haba na kiangazi huchukua zaidi ya nusu ya mwaka, hivyo ukungu unaokula kanda za Tanga na Unguja huku haupati nafasi. Kwenye masanduku ya chuma chini ya vitanda vya maeneo ya Makole na Kikuyu bado zimo kanda za VHS za miaka ya 1990 ambazo utepe wake ni mzima: harusi, kipaimara, maulidi, picha za Kihindi, picha za kareti. Kinachokosekana ni deki. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016.

Utepe upo, picha zimo ndani yake, na hakuna anayeweza kuziona. Je, mwenye kanda hiyo bado ana filamu?

Swali hili lina uzito wake Tanzania Bara, kwa sababu huku video ilitangulia televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kabla ya hapo, aliyetaka kutazama picha nyumbani alihitaji deki na kanda, na asiye na deki alilipa kiingilio kwenye kibanda cha video. Utamaduni huo wa vibanda ndio uliowapa jina watafsiri kama Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili hadi wengine wakamkumbuka yeye kuliko nyota wa filamu zenyewe.

Kisha ikaja VCD. Diski moja ilibeba kama dakika 80 tu, ndiyo maana muvi moja iliuzwa kwa diski mbili. Ikafuata DVD, halafu flashi na memori kadi, na sasa simu yenyewe. Mwanzoni mwa 2013, mitambo ya analojia ilipozimwa Dodoma, hata televisheni nzima isiyo na hitilafu ilibaki bubu mpaka inunuliwe king'amuzi. Mkulima wa Hombolo aliyenunua kanda kwa fedha ya zabibu alitakiwa kuinunua picha ileile mara ya pili, na ya tatu, na mara zote hizo hakuwa ameharibu kitu.

Fundi wa deki huliona jambo hili kwa karibu. Akifungua kifuniko hukuta pipa dogo la chuma linalong'aa, limeinama kidogo upande. Kwa mfumo wa PAL, unaotumika Tanzania, pipa hilo huzunguka mara 1,500 kwa dakika likisoma utepe wenye upana wa milimita 12.7. Hulipangusa kwa kitambaa laini chenye spiriti, polepole, akichunga asiziguse ncha za hedi zinazosoma utepe, kwa kuwa zikivunjika hakuna spea. Vumbi la Dodoma, ambalo haliudhuru sana utepe uliofungiwa sandukuni, ndilo adui mkubwa wa mashine hii: likiingia, mistari myeupe huikata picha na nyuso za watu hupotea. Maharusi wa mwaka 1996 wamo mle ndani, na kuonekana kwao kunategemea kipande cha chuma kisichotengenezwa tena popote.

Watengenezaji walikuwa na jibu lao tangu mwanzo: mnunuzi hupewa nakala, na nakala ina masharti. DVD zilitiwa namba za maeneo ya dunia. Tanzania iliwekwa eneo la 5 na Marekani eneo la 1, kwa hiyo diski halali iliyotumwa na ndugu aliye Chicago ingeweza kukataliwa na deki halali iliyonunuliwa Dodoma. Vita vya mifumo navyo vilikuwa na majeruhi wake. Betamax ya Sony ilitoka 1975, VHS ya JVC ikaifuata 1976 na kuishinda. Toshiba ilitoa HD DVD mwaka 2006, na Februari 2008 ikasalimu amri mbele ya Blu-ray. Kampuni iliandika hasara na kuendelea na biashara nyingine. Waliobaki na rafu za diski zisizo na kesho ni wanunuzi.

Dini zenye waumini wengi Dodoma zilipita katika jaribu hili la kuhama chombo zamani sana. Wakristo wa karne za kwanza walihama kutoka magombo kwenda kwenye kitabu cha kurasa zilizoshonwa pamoja, na maandishi mengi ya kale ambayo hakuna aliyejisumbua kuyahamisha yalipotea. Katika historia ya Uislamu, baada ya mahafidhi wengi wa Qurani kuuawa katika vita vya Yamama, Khalifa Abubakar alimwagiza Zaid bin Thabit aikusanye kutoka kwenye makuti, mawe, ngozi na vifua vya watu. Chombo kiliheshimiwa, lakini wajibu uliwekwa juu ya watu: kusoma, kunakili, kuhifadhi kifuani na kumrithisha mwingine.

Wagogo, wenyeji wa Dodoma, nao wana ushahidi wao. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba, alifariki mwaka 2003. Sauti yake imo kwenye kaseti na CD, na muziki wake umo pia mikononi mwa watoto na wajukuu wanaoendelea kuupiga. Chamwino, ambako tamasha la muziki wa Cigogo limekuwa likifanyika tangu 2009, binti hujifunza ngoma ya muheme kwa kuitazama mikono ya mama yake. Ngoma hiyo haihitaji deki, ila nayo hufa kizazi kimoja kikiacha kufundishwa.

Kwa hiyo filamu iko karibu zaidi na amana kuliko mali. Aliye nayo anadaiwa kuifikisha mbele. Lakini mtu hawezi kudaiwa amana huku akizuiwa kuihamisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaacha nafasi ya nakala kwa matumizi binafsi, na Sheria ya Fedha ya 2023 ilianzisha tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kunakilia na kuhifadhia kazi. Serikali imeshakiri kwamba watu wananakili, na mnunuzi wa kifaa ameshachangia. Anayehamisha kanda yake mwenyewe kwenda kwenye flashi hamwibii mtu. Anayejaza flashi za wateja mia kwa filamu moja ya Kitanzania anamnyang'anya msanii riziki yake, na mambo hayo mawili hayastahili kuitwa kwa jina moja.

Picha ya kareti ikipotea Dodoma, nakala yake ipo Hong Kong. Kanda ya kwaya ya usharika wa Mpwapwa, au ya bibi wa Kondoa akisimulia jinsi kijiji chao kilivyohama, huenda haina pacha popote. UNESCO na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, IASA, walitahadharisha kwamba baada ya takriban mwaka 2025 kusoma kanda za sumaku kutakuwa kugumu mno, kwa kukosa mashine na mafundi. Mwaka huo umeshafika. Mji wenye Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha St John's, makanisa na misikiti mikubwa hauwezi kukosa deki tatu zinazofanya kazi, kompyuta na fundi mzee wa kuwafundisha vijana. Waumini waambiwe siku ya Ijumaa na siku ya Jumapili walete kanda zao, za familia kwanza, kabla ya mafundi wanaozijua hedi hizo kustaafu.